Mlonge wa Bibi Tekla Kwenye Matangi ya Shaba

Ninyi mnaoanza kazi mwaka huu pale kwenye matangi, njia ya kwenda Namawala, mlinikuta kibandani kwangu Viwanja Sitini mkaniuliza kazi ile ikoje. Nikawajibu kwa maneno mawili, mkaondoka. Nilisikia baadaye kwamba mmoja wenu alisema naringa. Siringi. Kuongea mbele ya watu kulinishinda tangu shule ya msingi, na shule yangu iliishia hapo hapo. Kuandika naweza, ila polepole. Kwa hiyo nimewaandikia.

Mimi si mzee wa mvi. Mradi wetu ulifungwa, sisi wa zamani tukarudi nyumbani, na sasa umefunguliwa mwingine wenye watu wapya. Nimestaafu nikiwa bado napanda baiskeli vizuri.

Nianze na gambuti. Watawapa mpya, nanyi mtafurahi kuingia nazo majini kama ng'ombe. Msifanye hivyo. Ukiingia bondeni kuchota maji ya kupima, simama ukitazama yanakotoka, subiri tope ulilolitimua lipite nyuma yako, ndipo uchote mbele yako kwa mkono ulionyooka. Suuza chupa kwa maji hayo hayo, uyamwage nyuma, urudie, ndipo ujaze. Sabuni usiiguse. Mwenzetu mmoja, kijana msafi wa Lipangalala, alizisugua chupa zote kwa sabuni ya unga mpaka zikanukia, akazipanga juani. Aliambiwa azirudie zote kwa maji ya maabara, na tangu siku hiyo tukamwita Dobi.

Jina la sampuli liandikeni kwenye chupa, kamwe si kwenye kifuniko. Vifuniko huoana ovyo na chupa zisizo zao.

Halafu kuna chupa moja ambayo mtapewa ikiwa tayari imejaa maji safi ya maabara. Mtatembea nayo kutwa bondeni na kuirudisha, kazi yake ni kuonyesha kama uchafu umeingia kwa mikono yenu na si kwa maji. Watu watawacheka. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia mpunga aliniita: "We kijana, unabeba maji kuyapeleka mtoni? Mto umekuagiza?" Nikaendelea na njia yangu. Ningekuwa na mdomo ningemwambia ndiyo, umeniagiza.

Sasa niseme kazi yenyewe ilikuwa nini, maana nilifanya miezi mingi bila kuielewa, nikiona aibu kuuliza. Aliyenielewesha ni Dada Rehema, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuja kufanya utafiti wake wa shahada ya juu. Ndiye aliyekuwa mkubwa wetu pale kituoni, ingawa umri wake haukunizidi sana. Siku moja aliniona nakoroga tangi kwa fimbo huku nimekunja uso, akaniuliza, "Beda, unajua tunatafuta nini humo?"

Nikasema, "Samaki."

Hakucheka. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanieleza. Kuna vitu vinavyotengenezwa viwandani kwa kusagwa mpaka vinakuwa chembe ndogo mno, ndogo kuliko kijidudu chochote unachokijua, darubini ya shuleni haiwezi kuziona. Huwekwa kwenye rangi za ukuta, kwenye soksi ili zisinuke, kwenye mafuta ya kupaka na kwenye dawa nyingine za mimea. Kitu kikisagwa hivyo, tabia yake hubadilika. Shaba ya waya haimfanyi konokono kitu upesi, lakini shaba iliyosagwa namna ile inaingia mahali ambapo waya hauingii. Na kila kinachofuliwa, kinachonyunyizwa na kinachobanduka, mvua hukisukuma bondeni.

"Kwa hiyo tunataka kujua kikifika bondeni kinakwenda wapi," alisema. "Kinabaki kwenye maji? Kinashikwa na majani? Kinakaa kwenye tope? Na anayekaa hapo kinamfanyaje?"

Ndiyo maana ya matangi. Tuliyachimbia ardhini safu tatu, tukayajaza maji ya bondeni, tope la bondeni, magugu maji, konokono na vifaranga vya perege. Kila tangi likawa bonde dogo. Baadhi tukayatia chembe za shaba, mengine tukayaacha bila kitu ili tulinganishe, nayo yalichanganywa katika kila safu. Shaba hiyo ilikuja kwenye chupa ndogo ya kahawia iliyotoka mbali. Siku ya kuitia, Dada Rehema aliivuta kwa mrija wa kupimia, tone kwa tone, akiwa amefunga pua na mdomo, nasi tukakatazwa hata kukohoa. Chupa iliisha siku ile ile.

Juu ya matangi tulitandaza vyandarua, kwa sababu ya mdiria anayevua samaki. Ndege yule ana macho mabaya sana. Wapita njia waliuliza kama samaki wetu nao wanaogopa malaria.

Vyandarua havikumzuia Masanja. Namaanisha ng'ombe wake. Masanja alikuwa mfugaji, Msukuma, boma lake lilikuwa upande wa pili wa njia, na mwanzoni hatukuwa na uzio bali kibao tu cha kukataza. Ng'ombe watatu walikuja wakanywa tangi moja la akiba mpaka tope likaonekana. Dada Rehema alimfuata kwa hasira na kumwonyesha kibao.

"Nimekiona, dada," Masanja alisema. "Kimeandikwa vizuri. Lakini ng'ombe wangu hawa hawajaenda shule."

Siku ya pili alikuja mwenyewe na miti ya miiba, akatusaidia kufunga uzio. Tangi lile la akiba halikuwa na shaba, nasi tulimwambia hivyo, lakini alishinda akiwapima ng'ombe wale kwa macho wiki nzima.

Mtu mwingine pale kituoni alikuwa Bibi Tekla. Alipika, alifagia, alishika ufunguo wa geti. Mndamba, mwenyeji wa bonde lile, mama wa kanisani, amezaliwa akiyaona maji yale. Aliponiona mara ya kwanza nimejibanza nyuma ya mlango na sahani yangu, alisema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, "Haya, Mungu amenikumbuka uzeeni! Mume wangu, njoo ule, mbona unaniogopa na bado hatujagombana?" Tangu hapo alikuwa bibi yangu na mimi mume wake, kama ilivyo desturi ya bibi na wajukuu. Kwa mtu kama mimi utani ule ulikuwa msaada mkubwa. Mbele ya wengine nilikosa maneno, lakini mke wako huwezi kukosa la kumwambia.

Yeye ndiye aliyenifundisha mambo ambayo mradi haukuwa nayo kwenye maelekezo. Ruba usimvute, mpake chumvi kidogo. Konokono usimtafute katikati ya tangi, mtafute chini ya jani linaloanza kuoza. Kahesabu asubuhi, maana jua likipanda wanazama. Hayo yalikuwa sawa. Mengine hayakuwa sawa, kama lile la kwamba perege wakiimbiwa wananenepa, lakini aliimba hata hivyo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Katikati ya msimu tuliambiwa mwalimu wake Dada Rehema anakuja kutoka chuo na wageni wengine. Angekuja Jumatatu mchana kuona matangi, kisha angeamua kama kazi ile inatosha kuendelea nayo au la. Jumamosi tulifagia, tukapaka miti ya uzio chokaa, tukaondoka. Jumapili kituo kilifungwa.

Jumatatu asubuhi nilifungua chandarua cha kwanza nikaona konokono akitembea kwenye sakafu ya tangi. Mtadhani si ajabu. Ni ajabu. Maji ya bondeni ni kama chai ya maziwa, sakafu haionekani hata ukiweka sahani nyeupe. Tangi la pili, vivyo hivyo. Safu nzima ya mbele ilikuwa inang'aa.

Nilimwita Dada Rehema. Aliinama juu ya maji muda mrefu. Chini kulikuwa na utando mweupe mweupe, kama maziwa yaliyokatika.

"Ng'ombe?" nilisema.

"Ng'ombe hachuji maji, Beda. Kuna mtu ametia kitu."

Aliinua kichwa, na mimi sijamwona vile tena. Alisema kwa sauti ya kufika jikoni na kwa Masanja ng'ambo ya uzio: "Nani ametia dawa kwenye matangi yangu? Aliyetia dawa leo hii anaondoka hapa! Sitaki hata kumwona!"

Masanja aliweka fimbo chini. "Dada, usinitazame mimi. Mimi dawa yangu ni ya kupe tu, na iko nyumbani."

Jikoni hakukutoka sauti.

Baadaye Dada Rehema alikaa kwenye ile ndoo yake na kuniambia taratibu shida ilipo. Kilichotiwa kimekusanya tope na kuzama nalo, na bila shaka kimezama na shaba pia. Maji ya juu yakipimwa yataonekana hayana kitu. Tangi lolote lililoguswa halihesabiki tena. Safu ya mbele imekwisha, hilo linaonekana. Lakini za nyuma je? Siku zile mvua ilikuwa imekatika na maji yalikuwa yanatulia yenyewe, mengine yameng'aa kidogo, mengine yamefunikwa na magugu.

"Nikijua yaliyoguswa, nayatoa, naendelea na yaliyobaki," alisema. "Nisipojua, natoa yote. Shaba imeisha. Kupata nyingine ni mwakani, na chuo hakinisubiri mpaka mwakani. Narudi nyumbani."

Alitazama saa. Mwalimu alikuwa njiani.

Mimi utando ule nilishauona. Kila mtu aliyelelewa na mama anayechota maji mtaroni ameuona. Ni mbegu za mlonge zilizotwangwa. Unakoroga unga wake kwenye ndoo, unaacha, tope linashikana na kushuka, unachota maji ya juu. Dada Rehema alikulia kwenye bomba, angejuaje. Nilimwambia nadhani ni mlonge, akauliza ni wa nani, nikasema mlonge uko kila uwanja. Ilikuwa kweli. Lakini aliyekuwa na ufunguo Jumapili alikuwa mmoja.

Kumwuliza mtu mzima kama amefanya kosa la kumfukuzisha kazi, kwetu hakufanywi na kijana. Unamtafuta mtu mzima mwenzake, naye anaanza mbali, kwa habari za nyumbani na za shamba, na jibu hupatikana kesho. Sisi hatukuwa na kesho. Nilikwenda jikoni, nikasimama mlangoni. Bibi Tekla alikuwa anachambua mchele wa wageni.

"Mume wangu, umenuna. Mke mdogo amekufokea?" Mke mdogo alikuwa Dada Rehema.

Nikajibu kama mume, ndiyo njia niliyokuwa nayo. "Mke mkubwa ndiye tatizo. Nasikia Jumapili, mimi sipo, umetia mlonge kwenye matangi bila kuniaga. Nataka kujua kabla sijakurudisha kwenu."

Alicheka mpaka ungo ukatikisika. "Kwetu wapi, na wote wamekufa? Nimetia, ndiyo. Wageni waje watoke chuo kikuu waone maji kama ya kuoshea miguu ya bata? Aibu ya nani? Ya mke wako mdogo, ya kwangu, ya nyumba nzima!"

"Sasa mbona hukusema, alipouliza?"

"Ameuliza nani katia dawa." Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto mzito wa kuelewa. "Mimi sijatia dawa. Nimetia mlonge."

Nilimweleza kama nilivyoelezwa kwenye ndoo. Nilipofika kwenye "narudi nyumbani," aliacha kucheka. Aliweka ungo chini, akafunga khanga upya, akatoka. Nilidhani anakwenda getini. Alikwenda moja kwa moja kwenye matangi.

"Mwanangu," alimwambia Dada Rehema, "usihangaike na Masanja wa watu. Ni mimi. Nilisafisha kwa ajili ya wageni wako. Kama ni kuondoka nitaondoka, lakini mchele nimeshauchambua, ngoja kwanza niupike."

Dada Rehema akauliza jambo moja tu: "Yapi, Bibi?"

"Safu hii ya mbele, yote. Ndiyo inayopitwa. Nikaanza ya katikati, nikatia hili la pembeni, lenye magugu mengi, mlonge ukaisha. Huko nyuma sikufika."

Tukafunua magugu ya lile la pembeni. Utando ulikuwepo. Tukafunua mengine yote ya katikati na ya nyuma, hatukuuona. Dada Rehema alichana kitambaa chekundu, tukafunga vipande kwenye matangi yaliyoguswa. Alipomaliza alisimama mbele ya Bibi Tekla, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, Bibi."

Walikuwa wameshaamkiana asubuhi ile.

"Marahaba ya pili hiyo," alisema Bibi Tekla. "Naiweka akiba, kesho usinisalimie."

Mwalimu alifika, mtu mfupi mwenye kofia ya kuendea shamba. Dada Rehema alimweleza yote bila kupunguza. Mwalimu aliyatazama maji yale, akatazama vitambaa, akaomba kumwona aliyefanya. Bibi Tekla alikuja na mwiko.

"Shikamoo, mama. Kila tangi ulitia kiasi gani?"

"Viganja viwili."

"Viganja hivyo hivyo kila mara?"

"Mikono ni hii hii, baba. Sijabadilisha."

Akaomba mizani na unga wa mchele, akamwambia achote viganja viwili. Akachota. Achote tena. Akachota. Na mara ya tatu. Mizani ilitoa majibu matatu yasiyofanana hata kidogo. Bibi Tekla akasema mizani imelewa, na wageni wote wakacheka, pamoja na Dada Rehema, ambaye nilikuwa sijamsikia akicheka tangu aanze kazi.

"Basi ya vitambaa hayawezi kuhesabiwa," mwalimu alisema. "Yatoe. Yaliyobaki yatakutosha, ila kwa shida. Usipoteze hata moja."

Hatukupoteza hata moja. Masanja alizidisha miiba. Mpaka mwisho wa msimu Bibi Tekla hakumruhusu mtu yeyote kupita na kikombe karibu na uzio, hata mimi mume wake. Dada Rehema alirudi chuo na kazi yake, pungufu kuliko alivyoitaka, na akamaliza. Katika ripoti yake aliandika matangi mangapi aliyatoa na kwa nini, akautaja mlonge waziwazi. Nanyi mkiharibu, fanyeni hivyo. Lililoandikwa kwamba limeharibika halimdanganyi mtu.

Lakini bado sijawaambia tulivyoyatoa yale ya vitambaa.

Maji yenye shaba hayamwagwi bondeni. Likumbukeni hilo hata mkisahau mengine. Tunayavuta, tunayatia kwenye mapipa ya kufungwa, kisha tunachota tope kwa chepe, nalo linatiwa kwenye mapipa yake, linachukuliwa na gari. Kazi ile tuliifanya mimi na Bibi Tekla. Hakuna aliyemwagiza. Alisema aliyetandika kitanda ndiye anayekitandua.

Kwenye tangi la kwanza lenye shaba, perege walikuwa wanaogelea juu kwenye maji yale safi kama kwenye kioo. Tuliwatoa kwa wavu, wazima. Kisha tukafika chini. Konokono walikuwa kwenye ule utando mweupe. Nilimwokota mmoja, nikampindua, ndani hakukuwa na mtu. Mwingine, hivyo hivyo. Nilizipanga zile kaka tupu kwenye sahani nyeupe, kama tulivyofanya siku zote, sahani ikajaa. Kwenye tangi lililofuata, ambalo lilikuwa na mlonge bila shaba, walikuwa wanatembea hata juu ya sahani yao.

Bibi Tekla alizitazama sahani zote mbili.

"Kwa hiyo huo mchanga wenu wa shaba, mimi sikuutoa."

"Hukuutoa, mke wangu. Uliushusha."

"Na bondeni, huko chini, anakaa nani?"

"Konokono."

"Na nani mwingine?"

Alijua. Mndamba gani asiyejua? "Kambare," nilisema.

Akashika chepe lake, akaendelea kuchota. Baada ya muda alisema, si kwangu, "Nimewasafishia wageni. Kambare ndio nimewatengea sumu."

Hakulizungumza tena. Ila kuna jambo moja lilibadilika, nami naliandika kwa sababu mtalikuta kituoni na mtashangaa. Nyuma ya jiko kuna shimo lenye mfuniko wa bati. Zamani Bibi Tekla alipomaliza kusafisha maji ya kupikia kwa mlonge, masimbi, yale yaliyozama chini ya ndoo, aliyamwaga mtaroni, na mtaro unakwenda kwenye majaruba ya mpunga, na majaruba yanakwenda bondeni. Siku tatu nne baada ya kazi ile alinipa jembe, akanionyesha mahali pa kuchimba shimo la kuyamwagia.

Nilimwambia hakuna haja. Ndoo ile ni maji ya kisima tu, hayana shaba.

"Wewe umeiona hiyo shaba?" aliniuliza.

"Haionekani, bibi. Hata kwa darubini ya shule."

"Sasa umejuaje kama haimo?"

Niliinama kuitazama ndoo.

"Basi chimba, mume wangu."

Nikachimba.